Dobi Aliyepima Timu kwa Matope

Hakuwahi kuuona mchezo wetu hata siku moja, na bado yeye ndiye aliyejua nani anacheza na nani anapunga upepo tu. Tulimwita Dobi kwa sababu mwenyewe alitaka hivyo. Alikuwa mzee wa Kihindi mwenye duka la kufulia nguo hapa Kenton, London, katikati ya kinyozi na duka la mboga, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu. Siku hizi pale panauzwa vifuniko vya simu. Yeye alihamia kwa binti yake, nje ya London, kiangazi cha mwaka jana, na mashine zake zikabebwa na lori asubuhi moja.

Kwao wapi, sijui. Nilimsikia akimwambia mteja mmoja Tanga, mwingine Kisumu, na kwa mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa na haraka ikawa Kigoma. Nilipomuuliza ipi ni kweli, alisema, "Zote. Unadhani mtu hukua amesimama mahali pamoja kama mlingoti?"

Mchezo wenyewe ni mpira wa Waaustralia. Uwanja una umbo la yai, mpira una umbo la yai, na kila upande kuna nguzo nne zilizosimama bila mwamba wa juu. Mpira unaupiga kwa mguu au kwa ngumi, lakini huruhusiwi kuurusha. Watu wanarukiana mabegani. Jezi hazina mikono. Nilipoueleza kwa mara ya kwanza nyumbani, kwa simu, mama yangu aliuliza kama ninakula vizuri.

Aliyenipeleka ni Barasa, Mkenya niliyefanya naye kazi kwenye ghala moja kule Hayes. Alinitazama nikishusha maboksi, akasema, "Wewe una miguu ya twiga na haikusaidii kitu. Kuja Jumamosi." Nikaenda. Kocha wetu alikuwa mama wa Kiaustralia, mfupi, mwenye sauti ya king'ora. Majira yote ya baridi alitufanyisha mazoezi kwenye matope, na kila mwaka mwezi wa tatu, kabla msimu haujaanza, aliwapima wachezaji wote mmoja mmoja akaandika orodha. Aliyekuwamo alibaki na jezi yake mpaka mwisho wa kiangazi. Asiyekuwamo aliambiwa asante.

Nilikuwa nataka kuwamo kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote tangu nifike nchi hii. Wiki nzima ghalani hakuna aliyehitaji kujua jina langu. Jumamosi wenzangu kumi na saba uwanjani walikuwa wakiliita kwa kelele, hata kama ni kwa kunilaumu.

Na orodha ile haikuandikwa uwanjani. Iliandikwa dukani kwa Dobi.

Njia yake ilikuwa hii. Jumapili asubuhi Barasa alilileta begi la jezi kwa gari lake. Dobi hakuzitupa mashineni. Alizitandaza moja moja juu ya meza ndefu ya kukunjia, akavaa miwani, akazitazama mbele na nyuma, kisha akazinusa. Wateja wengine walikuwa wakigeuza uso. "Uso hudanganya," alikuwa akisema, "kwapa halidanganyi."

Hakujua jina la mchezaji wala sura yake. Alijua namba tu. "Matope mgongoni, ameangushwa," alieleza kama anafundisha darasa. "Matope kifuani, amejitupa mwenyewe. Matope ubavu mmoja tu, kila wiki ubavu uleule, hapo kuna jambo."

Jambo lilikuwa kwa namba saba, mkimbiaji wetu mkubwa. Dobi alimwambia Kocha, "Huyu mguu wake mmoja mbovu. Kila akianguka anaulinda." Kocha akacheka, akachukua begi lake akaenda. Wiki iliyofuata namba saba akakiri kwamba goti lilikuwa likimuuma tangu Krismasi na alikuwa amelificha. Kuanzia hapo Kocha hakucheka tena. Kila mwezi wa tatu alikuja na karatasi yake, akakaa kwenye benchi mbele ya mashine, na Dobi akamfundisha kuingia kwa "Shikamoo". Nadhani umri wao haukupishana sana. Dobi aliitikia "Marahaba" kwa raha, kama mtu anayelamba kijiko.

Namba kumi na mbili alimkataa kwa pua peke yake. "Jezi hii inanukia manukato. Baada ya saa mbili za mpira! Ninyi mnakwenda uwanjani, huyu anakwenda harusini." Namba kumi na tano alimtetea. Jezi yake ilikuwa imetafunwa shingoni, nyuzi zimetoka. "Huyu mwoga," alisema. "Anatafuna jezi kwa hofu. Mwandike. Shujaa atakutoroka siku mbaya, lakini mwoga anaona haya kutoroka."

Namba ishirini alikuwa na madoa ya manjano kifuani. "Huyu anakula wakati wa mapumziko," alisema Dobi, akisugua doa kwa kucha. "Tena anakula vizuri. Bizari hii mtu kaitwanga nyumbani. Ndiyo maana kipindi cha pili hana jasho."

Namba ishirini alikuwa Barasa. Dobi alimchukulia kuwa dereva wa timu, na Barasa hakuona sababu ya kumsahihisha. Alisimama pale na funguo za gari mkononi, akitazama dari.

"Mtu mbaya sana huyo, Mzee," alisema.

"Mlafi," alisema Dobi.

"Kabisa."

Kuna watu watakaosema alikuwa na hekima. Mimi nilikaa dukani kwake Jumapili nyingi, kwa sababu chumba nilichopanga hakikuwa na mashine ya kufulia, na naweza kusema alikuwa pia mwongo wa kawaida. Aliwafundisha wateja kutenga nguo nyeupe na za rangi, akiwagombeza kama watoto, halafu yeye mwenyewe akafua jezi zetu za ugenini, nyeupe zote, pamoja na taulo jekundu la kinyozi. Zikatoka rangi ya waridi. Tulicheza hivyohivyo, na wapinzani wakatuimbia nyimbo. Tulifungwa vibaya. Kocha alipokwenda kulalamika, Dobi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mmefungwa, lakini mmeonekana."

Kila mtu alijua kwamba masharubu yake anayapaka rangi nyeusi. Taulo za duka zilikuwa na doa hilo. Mteja akiuliza, aliambiwa ni wino. Na mara moja alimsifu sana namba tisa kwa sababu jezi yake ilikuwa imechanika kutoka kwapani mpaka kiunoni. "Huyu ndiye mpiganaji!" Nilikuwa nimeona kwa macho yangu jinsi mlango wa mashine yake ulivyoing'ata ile jezi na yeye akaivuta kwa miguu miwili ukutani. Namba tisa alicheza msimu mzima kwa sifa hiyo, na kusema kweli alianza kucheza vizuri.

Mpira wetu aliudharau. Yeye alipenda kriketi, ambayo aliisikiliza kwenye redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa kufungia noti. "Mchezo usio na mapumziko ya chai si mchezo, ni fujo," alisema. Chai yake ilikuwa ya rangi, yenye tangawizi ya kuunguza koo, na alimimina vikombe viwili daima, hata akiwa peke yake. Kikombe cha pili kilikuwa cha mtu yeyote atakayeingia. Ukikikataa, nguo zako zilikaushwa mwisho.

Lakini nguo za msiba hazikusubiri foleni. Mtu akiingia akisema amefiwa, Dobi alisimamisha kila kitu, akatoa mashineni hata nguo za mtu mwingine zikiwa zinadondosha maji. Siku moja alizitoa zangu. Nilikaa na shuka zangu zilizolowa mapajani, naye akapiga pasi suti ya baba mmoja wa Kisikh. Yule baba alipoondoka, Dobi alinigeukia, akasema, "Usinitazame hivyo. Shuka zako hazina haraka, hakuna anayezingoja."

Alinipenda kwa sababu nilikuwa simjibu. "Wewe una masikio," aliniambia. "Wengine wana midomo tu." Alipozungumza na Kocha kwa Kiingereza, kila baada ya maneno machache alinirushia neno la Kiswahili pembeni, kama mtu anayemrushia paka kipande cha samaki. "Huyu mama anadhani namba nne ni simba. Namba nne ni soksi." Kocha alitabasamu, akidhani tunamsifu.

Alichokuwa hajui ni kwamba mimi nilikuwa namba thelathini na moja. Kocha naye, sisi wageni alitujua kwa sura, si kwa namba.

Kwanza nilinyamaza kwa aibu ya kawaida. Halafu akaja kuishika jezi yangu, na baada ya hapo nisingeweza kusema hata kwa kupigwa. Aliinyanyua kwa vidole viwili, akaigeuza, akainusa, akainusa tena. "Hii nayo imeletwa ya nini? Ningeikunja nikairudisha, na hakuna ambaye angejua. Hata kuku akiukatiza uwanja ule huchafuka." Akanigeukia. "Unasemaje, kijana? Mtu huyu tumfanyeje?"

Barasa alikuwa mlangoni. Nilimwona akijiziba mdomo kwa funguo.

"Labda apewe muda, Mzee," nilisema.

"Muda! Ni ndizi hiyo, tuivundike?"

Barasa alitoka nje, na dirishani nikamwona ameinama ameshika magoti.

Ubaya ni kwamba Dobi alisema kweli. Nilikuwa nakimbia sana, lakini nilikimbilia mahali ambapo mpira haupo. Mpira ukinifikia, nilimpasia mtu wa karibu kwa ngumi na kuondoka. Nikijaribu kuupiga kwa mguu ulikwenda kama bata aliyelewa. Kocha alikuwa mpole kwangu, na upole wa kocha ni dalili mbaya. Wiki zikapita, jezi yangu ikarudi begini safi kama ilivyotoka, na kila Jumapili nikaenda kusikiliza nikitukanwa. Sijui kwa nini sikubadilisha duka. Nadhani nilitaka kuwapo siku atakaponisifu.

Ndipo nikafanya ule ujinga.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya majaribio, Jumamosi ya mvua. Kocha alinipa robo moja tu ya mchezo. Nilitoka nikiwa nimelowa lakini bila doa. Wenzangu walipokuwa ndani wakivua viatu, nilizunguka nyuma ya jengo, nikachota tope, nikajipaka kifuani na tumboni. Nilipaka kwa bidii. Kwa mara ya kwanza nilionekana kama mchezaji. Kisha nikaivua jezi nikaitia begini kabla ya mtu kuuliza. Barasa aliuliza hata hivyo.

"Hayo matope umetoa wapi? Wewe umecheza dakika ishirini."

"Nilianguka."

"Ulianguka wapi, kwa ndoo?"

Kesho yake nilifika dukani mapema kuliko siku zote. Nilikuwa na shuka ambazo hazikuwa chafu. Kocha alikuwa kwenye benchi, karatasi gotini, kalamu sikioni. Barasa alikuwa ameegemea mashine ya kukaushia apate joto. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho mimi kumwona Dobi akipima timu, ingawa siku ile hakuna aliyejua.

Walikwenda haraka. Saba, goti limepona, andika. Kumi na tano, andika. Ishirini, bizari imepungua, andika kwa shingo upande. Barasa alishusha pumzi. Mwisho zikabaki nafasi moja na jezi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya namba kumi na mbili, na kabla haijafika mezani harufu ya manukato ilikuwa imefika. Ya pili ilikuwa yangu.

Dobi aliitandaza. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele, akapitisha kidole juu ya tope.

"Mama Kocha," alisema kwa Kiingereza, "njoo uone maajabu."

Kocha akasogea. Mimi nikabaki nimekaa, nikijifanya nasoma maelekezo ya sabuni.

"Mtu akianguka uwanjani, tope linakuja na majani," alisema Dobi. "Hapa hakuna jani hata moja. Na tope la kuanguka linakwaruza. Hili limelala vizuri kama siagi juu ya mkate. Huyu hakuanguka. Huyu amejipaka." Akainama zaidi. "Tena hivi hapa vidole vyake. Kimoja, viwili, vitatu, vinne, na gumba."

Aliweka kiganja chake cha kulia juu ya alama. Hakikulingana. Akaweka cha kushoto. Kikakaa sawasawa.

"Mwongo wa mkono wa kushoto," alisema, akafurahi sana.

Kocha hakufurahi. Alichomoa kalamu sikioni. "Kumi na mbili ni mvivu," alisema, "lakini angalau ni mvivu mbele ya macho yangu. Mtu wa kunidanganya simhitaji."

"Mfute," alisema Dobi. Kisha, kwa mazoea yake, akanirushia la pembeni. "Au wewe unasemaje, kijana? Bado tumpe muda?"

Barasa alinitazama. Safari hii hakucheka.

"Msimfute," nilisema.

"Kwa nini?"

"Ni mimi."

Nilisema kwa Kiswahili, kwa hiyo Kocha hakuelewa, na kwa dakika nzima ilibaki kati yangu na Dobi. Alivua miwani. Akaifuta kwa jezi yangu, akagundua ana tope kwenye miwani, akaivaa hivyohivyo.

"Wewe? Majira yote ya baridi umekaa hapo nikikusema?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na nimekusema vibaya."

"Ndiyo."

"Vibaya kiasi gani?"

"Ulisema hata kuku huchafuka."

"Nilisema hivyo." Alitikisa kichwa, sijui kwa kujuta au kwa kuipenda ile sentensi. Akamgeukia Barasa. "Na wewe dereva ulijua?"

"Mimi naendesha gari tu, Mzee," alisema Barasa.

Dobi akamfasiria Kocha. Hakuniongezea wala hakunipunguzia. Kocha alinikazia macho, nami nikatazama sakafu, na pale sakafuni niliona kalamu yake bado haijagusa karatasi.

"Wewe ni wa mkono wa kushoto?" aliuliza.

"Zamani," nilisema. Nikamweleza kwa Kiingereza changu kibovu kwamba darasa la kwanza mwalimu aliufunga mkono ule kwa kitambaa mpaka nikajifunza kuandika kwa wa kulia.

"Mguu je?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Wa kushoto," nilisema.

"Mbona unapiga kwa wa kulia?"

"Siku ya kwanza ulitupanga mstari. Ulisema mpira mkono wa kulia, mguu wa kulia. Nikafuata."

Kocha alisema neno ambalo Dobi alikataa kulifasiri. Tangu mwaka uanze alikuwa akilia kwamba hana hata mtu mmoja wa mguu wa kushoto, wa kupiga akiwa upande wa kulia wa goli, mahali ambapo watu wa mguu wa kulia hukosa kila siku. Alitoka mbio mpaka kwenye gari lake, akarudi na mpira, akapita katikati ya duka, akafungua mlango wa nyuma. Tukamfuata. Nyuma kulikuwa na kichochoro kirefu chenye mapipa ya taka, na mwisho wake ua mdogo ambapo duka la mboga lilipanga masanduku yake. Kocha alitembea mpaka kwenye mapipa, akageuka, akanyoosha mikono.

"Nipigie mimi hapa!"

Dobi alisimama mlangoni na jezi yangu begani kama taulo. "Haya, mwongo," alisema taratibu. "Mguu ule mwalimu wako hakuufunga."

Niliushika mpira kwa mkono wa kushoto. Niliuachia, nikaupiga. Sikujua kama miguu yangu ina nguvu kiasi kile. Mpira ulipanda ukijizungusha vizuri, ukapita juu ya mikono ya Kocha, ukapita juu ya mapipa, na Kocha akageuka kuutazama mpaka ulipotua. Tukasikia mbao zikivunjika. Kocha akabaki amegeuka hivyo kidogo, kisha akatoa karatasi yake mfukoni, akaiweka juu ya mfuniko wa pipa na kuandika.

Mwenye duka la mboga alitokea na mpira kwapani na nyanya imepasuka juu ya kiatu chake. Alipiga kelele kwa Kigujarati, akielekeza kidole kwa Barasa, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote. Barasa akanielekezea mimi. Dobi alishuka ngazi, akaja akasimama kati yangu na yule mzee mwenzake, akamjibu kwa maneno machache. Yule akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akamkabidhi Dobi mpira.

"Umemwambia nini, Mzee?" niliuliza.

"Nimemwambia ni mchezaji wetu," alisema. "Nenda ukamwokotee nyanya zake."